Binti wa Itebero, Shika Kamba

Chifu Shemwindo wa Tubondo aliwaita wake zake saba akawapa amri moja: mzae mabinti tu. Atakayezaa mvulana, mvulana huyo atauawa. Mwindo akazaliwa hata hivyo, tena akazaliwa anatembea na kusema. Baba akamrushia mkuki, akashindwa. Akamzika, akashindwa. Mwisho akamfungia ndani ya ngoma, akaitupa mtoni.

Hadithi hii ni ya Wanyanga, ni ya kwetu Walikale, na anayeijua huijua kwa jina la shujaa wake. Mimi leo nataka umtazame mtu mwingine aliyemo humo. Ngoma ile ilipofika kwa shangazi yake Mwindo, Iyangura, ni yeye aliyeshika kisu akaipasua ngozi. Na baadaye Mwindo alipoamua kushuka chini ya ardhi kumfuata baba aliyemkimbia, alimwachia shangazi huyo ncha moja ya kamba. Alimwagiza kwamba kamba ikiacha kutikisika, ajue mpwa wake amekufa. Mwanamume akashuka gizani. Mwanamke akabaki juu, kamba mkononi, macho kwenye kamba. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kuwaambia watu kama shujaa wao bado anapumua.

Kazi ya Iyangura ina jina siku hizi. Inaitwa uanahistoria. Nimekaa kukuandikia, binti yangu, kwa sababu naamini ni kazi yako.

Nakujua kidogo. Uko Itebero, kando ya barabara ile ya taifa inayotoka Bukavu, ikapita Bunyakiri na Hombo, ikaja kwenu, ikaendelea Walikale-kati, ikielekea Kisangani. Ukisema "barabara", mgeni anadhani lami. Wewe unajua ni matope mekundu, ni lori lililozama hadi ekseli, ni dereva anayelala siku ya tatu chini ya turubai huku akina mama wakimuuzia ndizi na samaki. Asubuhi unateka maji, unakwenda shule, unarudi, unatwanga sombe. Na jioni, kabla usingizi haujakushinda, unamsikia bibi akisimulia.

Sasa nikuulize. Habari za Walikale zikisomwa redioni, zinasema nini? Zinasema madini na vita. Zinasema Bisie, mlima ambao kasiteriti yake iligunduliwa mwaka 2002 na kuwavuta maelfu ya wachimbaji. Zinasema waasi wa M23 walioingia Walikale-kati mwezi Machi 2025 na kuondoka Aprili. Yote hayo ni kweli, na lazima yasemwe. Lakini bibi yako yuko wapi humo? Yumo ndani ya hesabu tu: wakimbizi elfu kadhaa, wengi wao wanawake na watoto. Hana jina. Hana shamba. Hana siku aliyocheka. Mtu aliyezaliwa, akaolewa, akazika watoto wawili, akalea wajukuu saba, akakimbia msituni mara nne na kurudi mara nne, ameingia katika historia ya nchi yake kama tarakimu.

Kosa hilo halitasahihishwa na mgeni. Mgeni akija ana wiki mbili na anataka kujibiwa maswali aliyokuja nayo. Litasahihishwa na mtu anayejua bibi husema nini akiwa hana mgeni.

Utaniambia: hayo ni mambo ya wakubwa, ya watu wa Kinshasa. Basi nikupeleke Kampala, si mbali kama unavyodhani, nikuonyeshe yalivyoanza.

Mwaka 1945 Chuo cha Makerere kilikuwa na umri wa miaka 23, na hakikuwa kimepokea mwanafunzi hata mmoja wa kike. Kaulimbiu yake ilikuwa "Tuwe wanaume". Mwaka huo wasichana sita wakaingia. Sita! Hawajazi hata madawati mawili ya shule yenu, mnavyobanana. Lakini sita hao walitosha kukitia chuo aibu ya maneno yake. Kaulimbiu ikabadilishwa, ikawa "Tunajenga kwa ajili ya wakati ujao".

Mmoja wa wale sita alikuwa Sarah Nyendwoha, binti wa Hoima huko Bunyoro, aliyezaliwa mwaka 1926. Alipenda hesabu. Alipokwenda kwenye darasa la hesabu, mwalimu alikataa kufundisha msichana akiwa amekaa humo. Jaribu kuiona picha hiyo: daftari limefunguliwa, kalamu imechongwa, chumba kimejaa wavulana wanaokutazama wewe, si ubao, na mwalimu amegoma. Wengi wetu hapo tungekusanya vitu tukarudi nyumbani, na hakuna ambaye angetulaumu. Sarah alikusanya vitu vyake kweli, lakini akavipeleka darasa jingine. Akashika masomo mengine, historia ikiwemo. Mwaka 1951 alikwenda Oxford, Uingereza, kusoma historia hiyo hiyo, na mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu.

Akarudi kwao kufundisha. Akakuta ngazi za mishahara za serikali ya kikoloni zinampa mwanamke pungufu ya mwanamume mwenye shahada ile ile. Hakulia, hakuomba. Aliukataa mshahara na kusema yuko tayari kufundisha bure. Ofisi iliyozoea kulalamikiwa kwamba mshahara hautoshi ilikutana kwa mara ya kwanza na mtu anayesema: chukueni chenu chote, heshima yangu haikatwi nusu. Aliyenyimwa hesabu darasani aliwafundisha hesabu maofisa.

Baadaye aliolewa na mchoraji Sam Ntiro wa Tanganyika, akaketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Uganda kabla ya uhuru, akaishi akipigania elimu ya wasichana hadi alipofariki mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 92.

Sarah alifungua mlango. Mwingine alipita hapo akaingia mpaka chumba cha ndani, pale historia yenyewe inapotunzwa, akawasha taa. Huyo ni Profesa Nakanyike Musisi.

Musisi naye alipita Makerere. Kizazi chake kilizoea mambo ambayo wewe pia umeyazoea: Idi Amin alitawala Uganda kuanzia 1971 hadi 1979, na baada yake vita viliendelea hadi 1986. Alikwenda Canada, na mwaka 1991 akapata udaktari wa historia katika Chuo Kikuu cha Toronto. Somo lake? Wanawake wa ufalme wa Buganda, tangu zamani za kale hadi ufalme huo ulipoangushwa mwaka 1966.

Hapa ndipo nataka usome polepole, maana ndipo penye ufundi. Historia ya Buganda ilikuwa imekwisha kuandikwa. Apolo Kagwa, Katikkiro, yaani waziri mkuu wa ufalme, alikuwa ameandika vitabu tangu mwanzo wa karne ya 20. Mmisionari John Roscoe alikuwa ametoa chake mwaka 1911. Wasomi wakubwa walikuwa wamevisoma, wakatoka na orodha ya wafalme, vita na mawaziri. Majina ya wake za wafalme yalikuwemo humo humo, pamoja na koo zao, lakini wasomaji waliyaruka kama unavyoruka orodha ya vifaa mwishoni mwa kitabu.

Musisi hakuyaruka. Aliuliza swali ambalo hata wewe ungeliuliza jikoni: wanawake wote hawa walitoka wapi, na kwa nini?

Jibu lilibadilisha picha nzima. Katika Buganda, Mganda wa kawaida hufuata ukoo wa baba, lakini mtoto wa Kabaka, yaani mfalme, hufuata ukoo wa mama. Kwa hiyo hapakuwa na ukoo mmoja wa kifalme unaomiliki kiti milele. Kila ukoo ulikuwa na tumaini: tupeleke binti yetu ikulu, huenda mjukuu wetu akatawala. Kwa ndoa hizo Kabaka aliziunganisha koo na kuzifunga kwake. Musisi alionyesha, katika makala aliyoitoa mwaka huo huo wa 1991, kwamba ndoa za wake wengi za wakubwa hazikuwa anasa ya pembeni. Zilikuwa nguzo ya kuijenga dola. Alionyesha pia kwamba wanawake hawakuwa kundi moja. Namasole, mama wa Kabaka, alikuwa na kilima chake, watumishi wake na ardhi yake. Binti wa mfalme aliitwa "ssebo", jina la heshima la mwanamume. Lakini mateka aliyeletwa kutoka vitani hakuwa na kilima wala jina. Dola ile ile ilimpandisha mmoja na kumkanyaga mwingine.

Umeona? Hakugundua sanduku la dhahabu lililofichwa. Alisoma kile ambacho kila mtu alikuwa nacho mkononi, ila yeye alisoma na mistari iliyorukwa. Silaha yake ya kwanza ilikuwa swali. Na swali halina minervali.

Aliendelea hivyo. Aliandika jinsi shule za wamisionari zilivyowalea wasichana wa Uganda wawe wake wema wa wakubwa kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mwaka 2002 alihariri pamoja na Jean Allman na Susan Geiger kitabu kizima juu ya wanawake katika historia za kikoloni za Afrika. Huyo Geiger, kabla ya hapo, alikuwa amekaa na akina mama wa Dar es Salaam waliojenga TANU, chama cha kudai uhuru wa Tanganyika, Bibi Titi Mohamed akiwa mbele yao, akawasikiliza wakieleza jinsi vikundi vyao vya ngoma vilivyogeuka kuwa njia za kueneza chama. Kabla ya hapo vitabu vingi viliisimulia TANU kama chama cha wanaume wenye elimu. Akina mama walikuwapo muda wote, wanacheza ngoma na kukusanya wanachama. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Halafu ikaja zamu ya uongozi. Kuanzia mwaka 1999, kwa takriban miaka kumi, Musisi aliongoza Taasisi ya Utafiti wa Kijamii ya Makerere. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1948, enzi za Mwingereza, ili kuchunguza jamii za Afrika Mashariki. Miaka ya 1950 iliongozwa na mwanamke Mwingereza, Audrey Richards, aliyekuja kutuchunguza sisi. Nusu karne baadaye kiti hicho kikakaliwa na mwanamke wa Uganda, mwenye kuwajua waliochunguzwa kwa majina na koo zao.

Alifanya nini na kiti hicho? Moja ya kazi zake inanipendeza kuliko zote. Makerere ya miaka ya 1990 ilikuwa imefungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia. Fedha ziliingia, kozi za jioni zikaanza, idadi ya wanafunzi ikapanda hadi madarasa yakafurika. Wengine walisema chuo kimeokoka, wengine walisema kimeuzwa. Musisi na mwenzake Nansozi Muwanga hawakupiga kelele upande wowote. Walikaa wakachunguza, na mwaka 2003 wakatoa kitabu kuhusu mabadiliko hayo ya kati ya 1993 na 2000, faida zake na majeraha yake. Chuo kilichozoea kuwachunguza wengine kikajichunguza chenyewe. Kiongozi anayethubutu kuihesabu nyumba yake mbele ya watu ni kiongozi aliyeanza kwa kuheshimu ukweli, na tabia hiyo hainunuliwi siku ya kuteuliwa. Hujengwa mapema, kwenye daftari.

Wala usiseme hayo ni ya Waganda. Congo ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30, na hakuwamo mwanamke. Miaka minne baadaye, 1964, Sophie Kanza akahitimu Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, akiwa Mkongomani wa kwanza mwanamke kupata shahada. Mwaka 1966 akawa waziri. Kuna dada zako waliotangulia hata nchini kwako. Njia ya msituni huwa ngumu kwa anayeifyeka mwanzo. Wewe unapita palipokwisha kukanyagwa.

Sasa tuseme ukweli, maana hamasa isiyosema ukweli ni kelele. Shule ya msingi ya serikali imekuwa bila malipo tangu mwaka 2019, lakini sekondari bado inadai, na baba akihesabu franka zilizopo, mara nyingi kaka yako ndiye huhesabiwa kwanza. Kuna mwaka vita hufunga shule. Kuna mwaka darasa hugeuka makazi ya wakimbizi. Kuna rafiki yako aliyeacha shule akiwa na mimba, na anakupita kwenye kisima bila kukutazama usoni. Sitakudanganya kwamba kalamu huzuia risasi. Haizuii.

Lakini kumbuka mambo mawili. Makerere yenyewe ilipitia Amin, ikapita. Na hata pale, mlango haukufunguka kwa huruma. Mwaka 1990 chuo hicho kiliamua kumwongezea kila msichana alama 1.5 katika kuingia, kwa sababu watu walikwisha kuhesabu, wakaonyesha kwa tarakimu kwamba wasichana ni wachache mno. Waliohesabu ndio walioshinda mjadala. Kwa hiyo usipoweza kwenda shule mwaka huu, usiache kuhesabu. Usiache kuandika.

Nawe baba, nikuguse kwa heshima. Shemwindo alitaka mabinti tu, na katika dunia ya mahari mtu hashindwi kukisia alichokuwa akihesabu. Mwisho wa hesabu yake ulikuwa kukimbilia chini ya ardhi, na aliyeshika kamba iliyomfuata alikuwa dada yake. Binti unayemwona kama mbuzi wa kesho ndiye anayeweza kuwa mtunza jina lako keshokutwa. Mlipie.

Nawe mwalimu, hata kama mshahara wako umechelewa tena: siku moja kwa wiki, badala ya kuwaandikisha wanafunzi tarehe za wafalme wa Ubelgiji, watume nyumbani na swali moja la kumuuliza mzee. Utashangaa darasa litakavyozungumza Jumatatu.

Kwako wewe binti, nina kazi ya leo. Tafuta kaye moja na biki moja. Kaa na bibi, au shangazi, au mama mzee yeyote wa jirani. Mwombe ruhusa kwanza. Hadithi ni mali ya mwenye nayo. Muulize jina lake lote, la mama yake, na la mama wa mama yake. Muulize alizaliwa wapi, palikuwa na nini pale kabla ya msitu kurudi. Muulize walikula nini mwaka wa njaa, nani aliwazalisha wanawake kabla ya zahanati, wimbo gani uliimbwa harusini kwake.

Hatakupa mwaka. Atakuambia: "Mama yako alikuwa mgongoni tulipokimbia." Hapo usikate tamaa, hapo ndipo uanahistoria unapoanza. Muulize: je, ni kabla au baada ya mauaji ya soko la Ntoto? Hiyo ni Machi 1993. Je, wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamekwisha kupita barabara hii wakielekea kambi ya Tingi-Tingi? Hiyo ni mwisho wa 1996. Ukiweka tukio lake katikati ya matukio unayoyajua, umempa bibi yako mahali ndani ya wakati. Kisha muulize mama mwingine jambo hilo hilo. Wakipishana, usichague unayempenda zaidi. Andika maneno ya wote wawili. Na jina linaloweza kumletea mtu hatari siku hizi, usiliandike. Weka alama unayoijua wewe. Mwanahistoria hulinda walio hai kama anavyolinda habari za waliokufa.

Mwaka 1956 Mbelgiji mmoja, Daniel Biebuyck, alikaa siku kumi na mbili akimsikiliza msimulizi mmoja wa Kinyanga, Candi Rureke, na hadithi ya Mwindo ikaandikwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyeshirikiana naye kuichapisha mwaka 1969 alikuwa mtoto wa Wanyanga, Kahombo Mateene. Siku kumi na mbili za mzee mmoja zimeifanya Walikale ijulikane katika vyuo vikuu vya dunia. Itebero ina wazee wangapi, na hasa akina mama wangapi, ambao hakuna aliyewapa hata jioni moja?

Kila mwaka wanazikwa na kamba zao mkononi.

Hakuna atakayekupa cheti cha kuanza. Sarah Nyendwoha hakungoja mwalimu wa hesabu abadili moyo. Nakanyike Musisi hakungoja kitabu kipya. Alisoma vilivyokuwepo na kuuliza wanawake wako wapi. Uprofesa, kiti cha uongozi, jina kwenye jalada la kitabu, hayo yanaweza kuja, na nakuombea yaje. Lakini ukurasa wa kwanza hauhitaji lolote kati ya hayo.

Leo jioni, mafuta ya taa yakiwa bado yapo, mwulize bibi yako jina la mama yake. Liandike.